Maria Montessori: Daktari aliyewatoa watoto wodini akawapeleka darasani

Nilipokuwa darasa la kwanza tulikuwa na mwenzetu aliyekaa dawati la nyuma kabisa. Chaki ikipitishwa ili kila mtu aende kuandika herufi ubaoni, yeye aliingiza mikono chini ya dawati. Alikuwa amekwisha kukosea mara nyingi mbele yetu, na sisi tulikuwa tumekwisha kumcheka mara nyingi. Tulimwita kilaza. Alirudia darasa, kisha siku moja hakuonekana tena shuleni. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza amekwenda wapi, na mimi nikiwemo.

Nimemkumbuka wiki hizi wakati naandaa kipindi kuhusu wanafunzi wenye ulemavu wa akili na wale wanaopata shida kubwa ya kujifunza. Wazazi wengi wa watoto hawa hawaanzi na swali la kusoma au kuhesabu. Wanaanza na kujiamini. Mtoto ameshakata tamaa, hataki kujaribu chochote, akiitwa anajificha. Mzazi anauliza, tuanzie wapi?

Ndugu msikilizaji, zaidi ya miaka 120 iliyopita kuna mwanamke alikutana na swali hilo hilo huko Roma, Italia. Hakuwa mwalimu, alikuwa daktari. Jina lake, Maria Montessori, leo utaliona kwenye vibao vya shule za awali Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Wengi wetu tunadhani ni jina la shule za watoto wa wenye nazo. Ukweli ni kwamba kazi yake ilianza na watoto ambao hakuna shule iliyowataka.

Binti aliyetaka kuwa injinia

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, mashariki mwa Italia, si mbali na bahari. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya fedha. Mama yake, Renilde, alipenda sana kusoma vitabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wengi wa mahali pale siku zile. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia Roma kufuata kazi ya baba.

Wakati ule msichana aliyepata bahati ya kusoma alitarajiwa kuwa mwalimu, basi. Maria hakutaka. Akiwa na miaka 13 aliingia shule ya ufundi, akisoma hesabu na sayansi pamoja na wavulana, kwa nia ya kuwa injinia. Baadaye akabadili mawazo akataka kuwa daktari. Baba yake hakufurahia. Mama yake alisimama upande wake.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma kusoma sayansi, na mwaka 1893 akafanikiwa kuingia kwenye masomo ya udaktari. Humo hakupokelewa kwa mikono miwili. Haikuonekana heshima kwa mwanamke kupasua maiti akiwa pamoja na wanafunzi wa kiume, kwa hiyo alilazimika kuifanya kazi hiyo peke yake, saa ambazo wenzake wameshaondoka. Inasimuliwa kwamba alivuta sigara ili kupunguza ile harufu. Mwaka 1896 alihitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Italia kupata shahada ya udaktari.

Kwa hiyo kabla hajakutana na mtoto hata mmoja mwenye ulemavu, Montessori alikwisha kuonja mwenyewe maisha ya mwanafunzi ambaye darasa halikuandaliwa kwa ajili yake.

Watoto na chembe za mkate

Baada ya kuhitimu alifanya kazi ya kujitolea katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Roma. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili za jiji hilo. Humo alikuta jambo ambalo wengine walilizoea: watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima wenye maradhi ya akili. Hawakuwa wagonjwa kama wale wakubwa. Waliwekwa pale kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka.

Kuna tukio linalosimuliwa sana katika maisha yake. Alikuta chumba kitupu chenye watoto wa namna hii. Hapakuwa na kitu cha kushika, wala cha kuchezea, wala cha kufanya. Mhudumu aliyewaangalia alilalamika kwa kinyaa kwamba watoto hao, wakimaliza kula, hujitupa sakafuni kuokota chembe za mkate. Kwa mhudumu, huo ulikuwa uthibitisho kwamba watoto wale wako kama wanyama, hawawazi kitu ila chakula.

Montessori aliangalia jambo lile lile akaona kitu kingine. Aliona kwamba watoto hawakuwa wakila tu zile chembe. Walizishika, walizigeuzageuza, walizichunguza. Katika chumba kile chote, chembe za mkate ndicho kitu pekee ambacho mkono ungeweza kukishughulikia. Watoto hawa walikuwa na njaa, ndiyo, lakini njaa yao ilikuwa ya mikono. Walitaka kitu cha kufanya.

Hapo ndipo mawazo yake yalipogeuka. Kama mikono ya mtoto inatafuta kazi hata sakafuni, basi akili yake haijalala kabisa. Inasubiri kupewa kitu.

Madaktari wawili wa Ufaransa

Alianza kutafuta kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufikiri hivyo. Aliwakuta Wafaransa wawili ambao vitabu vyao vilikuwa vimesahauliwa.

Wa kwanza ni Jean Itard, daktari wa Paris katika taasisi ya viziwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Itard alimchukua kijana aliyeokotwa porini kusini mwa Ufaransa, katika eneo la Aveyron, asiyejua kuongea. Wataalamu wengine walisema hafundishiki. Itard alimpa jina la Victor, akakaa naye miaka kadhaa akimzoesha hatua kwa hatua kusikia, kugusa, kutofautisha vitu na kutambua herufi. Victor hakuwahi kuongea vizuri, lakini alijifunza mengi ambayo watu waliapa kwamba hayawezekani.

Wa pili ni Édouard Séguin, aliyefuata nyayo za Itard na kuanzisha shule ya watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris, kabla ya kuhamia Marekani, alikofariki mwaka 1880. Séguin alianza na mwili: kutembea, kushika, kufunga vifungo, kufunga kamba. Akili aliiendea kwa njia ya mikono na macho.

Montessori alivisoma vitabu vyao, kisha akavitafsiri kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno, ili asiruke kitu. Fikiria daktari mwenye wagonjwa wake, usiku yuko mezani na kalamu, ananakili vitabu vya watu waliokwisha kufa.

Mwaka mmoja, mambo mawili

Mwezi Septemba 1898 wataalamu wa elimu wa Italia walikutana mjini Turin. Montessori, akiwa na miaka 28, alisimama mbele yao na kueleza msimamo wake. Alisema kwamba watoto wenye ulemavu wa akili ni suala la elimu kuliko la tiba, na kwamba mahali pao ni shuleni, si wodini. Likitoka mdomoni mwa daktari, neno hilo lilikuwa zito. Alianza kualikwa huku na huko kutoa mihadhara.

Wakati huo huo alikuwa amebeba siri. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario. Baba wa mtoto alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Hawakuoana. Kwa mwanamke wa Italia ya siku zile, kuzaa nje ya ndoa kulitosha kufunga kila mlango aliokuwa ameufungua. Mtoto alipelekwa kwa familia moja shambani, nje ya Roma, akalelewa huko. Mama yake alikwenda kumtazama, lakini mtoto hakumjua kama mama. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine.

Nalisema jambo hili si kwa ajili ya umbea. Mwanamke aliyesimama Turin kutetea watoto waliofichwa, alikuwa na mtoto wake mwenyewe aliyefichwa kwa kuogopa maneno ya watu. Wako wazazi wanaosoma makala hii ambao wamemfungia mtoto ndani kwa hofu ya namna hiyo. Montessori alikosa miaka kumi na kitu ya kwanza ya mwanawe, na miaka hiyo hakuna aliyeweza kumrudishia.

Miaka miwili, saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni

Mwaka 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwafunza walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, pamoja na darasa la watoto wenyewe. Montessori na Montesano ndio walioiongoza. Watoto walikuwa wa aina mbili. Kwanza walikuja wale walioshindikana katika shule za msingi za jiji, wale ambao walimu wameshasema hawafai. Baadaye wakaletwa watoto kutoka hospitali za wagonjwa wa akili.

Montessori hakukaa ofisini. Kwa miaka miwili alikuwa na watoto hao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, akifundisha kwa mikono yake. Usiku alipanga alichokiona na kutengeneza vifaa vipya. Miaka hiyo miwili aliihesabu kuwa ndiyo shahada yake ya kweli ya ualimu.

Hebu tuangalie mfano mmoja alioueleza mwenyewe. Alikuwa na msichana wa miaka 11 ambaye hakuweza kushona. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini hata ule mshono wa kwanza kabisa, wa kupitisha sindano juu na chini ya kitambaa, ulimshinda. Angeweza kumlazimisha arudie na kurudia, na msichana angezidi kuamini kwamba hawezi.

Montessori aliiondoa sindano. Akampa karatasi zilizokatwa vipande virefu, afume kama mkeka: kipande kinapita juu ya kimoja, chini ya kingine, juu, chini. Msichana akapenda kazi ile, akaizoea. Alipokuwa ameimudu vizuri ndipo Montessori akamrudishia sindano na kitambaa. Safari hii aliweza, maana mkono wake ulikuwa umeshajua njia, juu na chini, kabla sindano haijarudi.

Kila mzazi aliyewahi kumfundisha binti kusuka ukili ataielewa hadithi hii. Siri yake ni kwamba Montessori hakumsifu msichana kwa jambo asiloliweza, wala hakumwambia ajitahidi. Alitafuta ndani ya ile kazi ngumu kipande kidogo ambacho msichana angeweza, akamfundisha hicho kwanza. Aliporudi kwenye kazi yenyewe, alirudi akiwa mtu anayeweza.

Kwenye kusoma na kuandika alifanya vivyo hivyo. Alichongesha herufi za mbao, irabu zikiwa na rangi nyekundu na konsonanti rangi ya buluu. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi kufuata namna inavyoandikwa, huku akisikia sauti yake. Kisha alifuata njia ile ile kwa kijiti alichokishika kama kalamu. Alifanya hivyo siku nyingi kabla ya kupewa kalamu yenyewe. Hakuna aliyemsimamisha ubaoni kabla mkono haujajua pa kwenda.

Lakini Montessori alikuwa mkweli kwa jambo moja. Vifaa peke yake havikutosha. Watoto hawa walikuwa wameshakata tamaa, na kifaa kizuri kikiwekwa mbele ya mtoto aliyekata tamaa kinabaki pale mezani. Ilibidi mwalimu awe karibu, amwite, amtie moyo, amheshimu na aonekane kweli anaamini kwamba mtoto huyu ataweza. Walimu waliochukua vifaa bila moyo huo hawakufika mbali.

Matokeo yakaja. Baadhi ya watoto wale, si wote, walijifunza kusoma na kuandika vizuri kiasi cha kupelekwa kwenye mtihani wa shule za kawaida, pamoja na watoto wasio na ulemavu. Walifaulu.

Swali ambalo wengine hawakuliuliza

Watu walishangilia, wakasema ni muujiza. Montessori hakuona muujiza. Alijiuliza jambo ambalo lingewaudhi wengi: kama watoto hawa wenye ulemavu wameweza kuwafikia watoto wa shule za kawaida, basi hao wa shule za kawaida wanafanyiwa nini huko hadi wasiende mbali zaidi? Kwa maoni yake, watoto wake walikuwa wamesaidiwa kukua, wakati wale wengine walikuwa wamebanwa na kushushwa.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile, akarudi chuoni kusoma zaidi. Montesano ndiye aliyeendelea na kazi ya elimu ya watoto wenye ulemavu wa akili. Kuanzia hapo jina la Montessori lilihusishwa zaidi na watoto wasio na ulemavu, na ndiyo sababu wengi wetu hatujui alikoanzia.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, uliojaa familia za vibarua. Wazazi wakiwa kazini, watoto walikuwa wakichafua kuta na ngazi za majengo, na wenye majengo walitaka mtu wa kuwaangalia tu. Montessori aliwapelekea vifaa alivyovitumia na watoto wenye ulemavu. Herufi za mbao hazikupatikana, kwa hiyo herufi zilikatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Zikafaa kuliko za mbao, kwa sababu kidole kinausikia mkwaruzo na kujua kimetoka njiani.

Kifaa kingine kilikuwa gogo la mbao lenye matundu 10 ya ukubwa tofauti, na vipande 10 vya kuingia humo, kila kimoja na tundu lake. Mtoto akikosea, mwishoni kinabaki kipande kisichoingia popote. Hakuna haja ya mtu kumwambia amekosea. Anaona mwenyewe, anavitoa, anaanza upya, na hakuna anayecheka.

Siku moja aliwafundisha watoto wa San Lorenzo namna ya kupenga kamasi kwa leso, taratibu na bila kelele. Alipomaliza, watoto walimpigia makofi. Alishangaa, kisha akaelewa. Watoto hawa walikuwa wamegombezwa kila siku kwa sababu ya pua zao, lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kutulia na kuwafundisha namna ya kufanya. Walikuwa wakifedheheshwa kwa jambo ambalo hawakufundishwa. Wangapi wetu tumegombezwa hivyo!

Mwezi Desemba mwaka huo, mtoto mmoja wa miaka mitano, baada ya kuchora bomba la moshi kwa chaki, alianza ghafla kuandika maneno sakafuni, akapiga kelele za furaha kwamba anaandika. Wenzake wakaomba chaki, nao wakaanza. Hawakuwa wameonyeshwa kuandika maneno. Mikono yao ilikuwa imeandaliwa muda mrefu, siku ilipofika ikaandika.

Umaarufu, vita na mwisho

Habari zilienea haraka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 alikwenda Marekani, na mwaka 1915 huko San Francisco darasa lake lilionyeshwa katika maonyesho makubwa likiwa na kuta za kioo, watu wakitazama watoto wakifanya kazi bila kuwasumbua. Baada ya mama yake kufariki mwishoni mwa mwaka 1912, alimchukua Mario, akiwa kijana wa miaka kama 15. Kwa miaka mingi mbele za watu alitambulishwa kama mpwa au mtoto wa kulea. Hata hivyo, kijana huyo ndiye aliyekuwa msaidizi wake mkuu hadi mwisho.

Si kila uamuzi wake ulikuwa mzuri. Mussolini alipotawala Italia, Montessori alikubali msaada wake kwa ajili ya shule zake, na ushirikiano huo ulidumu miaka kadhaa. Ulivunjika miaka ya 1930, serikali ilipotaka watoto wafundwe kuwa askari watiifu, na shule zake Italia zikafungwa. Watawala wa Kinazi nao walizifunga za Ujerumani. Akaondoka Italia, akaishi Hispania, vita vya huko vikamtoa mwaka 1936, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na karibu miaka 70, alikwenda India kufunza walimu. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza, na kwa kuwa India ilikuwa chini ya Waingereza, yeye na Mario wakahesabiwa raia wa nchi adui. Mario aliwekwa kizuizini. Aliachiwa tarehe 31 Agosti 1940, siku mama yake alipotimiza miaka 70. Walibaki India hadi vita vilipokwisha, na walifunza walimu zaidi ya 1,000.

Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei 1952 katika mji wa Noordwijk aan Zee, pwani ya Uholanzi, akiwa na miaka 81. Inasimuliwa kwamba siku ile ile alikuwa akizungumza na Mario kuhusu safari ya kuja Afrika Magharibi, nchi ambayo leo ni Ghana, kufunza walimu. Mario alikuwa na wasiwasi na afya yake. Yeye alitaka kusafiri.

Kwetu nyumbani tufanye nini

Shule zenye jina lake leo nyingi ni za mjini, na ada yake wengi wetu hatuiwezi. Lakini alichokigundua hakiuzwi. Herufi zake kwa watoto maskini zilikuwa vipande vya msasa.

Kama una mtoto mwenye shida ya kujifunza, kwanza mpeleke kituo cha afya akapimwe macho na masikio, kwa sababu mara nyingine mtoto haelewi kwa kuwa haoni au hasikii vizuri. Baada ya hapo, angalia mikono yake inapenda kufanya nini. Sinia lenye mchanga mkavu linatosha kumwandikisha herufi kwa kidole: akikosea anatikisa sinia, kosa limefutika, hakuna aliyeliona. Maharage ya rangi mbili ayatenganishe. Vizibo vya soda avipange kwa idadi. Gauni kuukuu lenye vifungo afunge na kufungua.

Kazi ikimshinda usiifanye kwa niaba yake, na usimlazimishe airudie ile ile mbele ya watu. Fanya kama Montessori na yule msichana: ondoa sindano kwanza, tafuta kipande anachokiweza, akizoee, kisha mrudishe. Kaa karibu. Mtoto aliyekwisha kuitwa majina hawezi kuanza peke yake. Na mwache amalize. Kumaliza kitu kwa mikono yake mwenyewe kutamjenga kuliko sifa zako mia.

Tusidanganyane pia. Si kila mtoto atafaulu mtihani. Hata katika darasa la Roma hawakufaulu wote. Lakini mtoto anayejua kufunga vifungo vyake, kuchota maji, kuandika jina lake au kupanga bidhaa dukani, anatembea mtaani kichwa juu, na jirani anamsalimia kwa jina lake badala ya lile la utani.

Nikimfikiria mwenzetu wa dawati la nyuma, naona sasa kwamba hakuwa mvivu wala mjeuri. Alificha mikono kwa sababu kila mara ilipoonekana ilichekwa. Mwalimu wetu alikuwa na wanafunzi wengi mno, simlaumu. Lakini kipande cha chaki na kona tulivu ya darasa, bila macho yetu, labda vingetosha kuanzia.